Kitabu cha Jackie, siku ya 41: kolamu ya uvungu imekubali

Imekubali jamani. Saa tano usiku hii, umeme ndo umerudi, Ujiji nzima watoto wamepiga kelele kama timu imefunga goli, na mimi nimekaa na kaunta buku yangu ambayo kwa mara ya kwanza tangu nianze huu mradi sijatamani kuitupa ziwani.

Mradi mnaujua. Kitabu kinene cha umbea kuhusu maisha ya Jackie Kennedy, mke wa yule rais wa Marekani aliyeuawa, kurasa mia nne themanini na kitu, jalada lilishatoka zamani (doa la mawese kwenye sura ya kwanza ni langu, nakiri). Nasoma Kiingereza kimoyomoyo afu nageuza Kiswahili kwa sauti, kurasa kumi na mbili kwa jioni moja, msikilizaji ni mama mkubwa ambaye yuko eda na redio imeshamchosha. Nilidhani shida itakuwa lugha, wala. Hata ule ukoo wao wa baba wa kambo na ndugu wa kambo nilijua utanishinda lakini nyumba za hivyo huku kwetu ziko tele, mama mkubwa akashika majina kabla yangu.

Shida ilikuwa "rafiki wa karibu".

Yaani kila ukurasa yupo. Rafiki mmoja wa karibu anakumbuka. Mtu aliyekuwa ndani ya familia anasema. Inasemekana. Na huyo rafiki ana kichwa balaa, anakumbuka mume na mke waliambiana nini chumbani mwaka 1955 neno kwa neno, bado kutuambia nani alipiga chafya. Sasa mimi nataka kujua lipi nimpe mama mkubwa kama habari na lipi nimpe kama umbea, maana asubuhi wakija wanawake kumjulia hali anayamwaga yote, na akishasema yeye basi mtaa mzima limeshakuwa kweli.

Nimehangaika wiki mbili. Nikaanza na hailaita, ya njano ni ukweli ya pinki ni umbea, kitabu kikageuka cha pinki na wino ukatokea upande wa pili, hailaita sirudii tena maishani. Nikahamia kwenye simu, unaandika mistari mitatu betri asilimia nne. Eksel kwenye laptop ya shemeji ilipendeza kweli, ila umeme ukikatika katikati ya sura unabaki unatazama kioo cheusi. Karatasi za manila ukutani ndo zilikuwa mpango mkuu, mstari wa miaka kuanzia 1929 alipozaliwa mpaka 1994 alipofariki, nimefika 1953 alipoolewa selotepu ikaisha. Ziko pale pale mpaka leo, mjusi anapita juu ya harusi. Penseli na kaunta buku, basi, asinibishie mtu.

Nilipiga kolamu nne: tukio, nani kasema, kasema lini, alikuwepo? Hiyo ya nne ndo ilinitoa jasho. Ukienda nyuma ya kitabu kutafuta unakuta "mahojiano na mwandishi" tu, jina hakuna, mwaka hakuna. Naweka alama ya kuuliza, nageuza ukurasa, alama ya kuuliza nyingine, kolamu nzima ikawa kama imeshuka mvua ya ndoana.

Majuzi namsomea kipande kimoja cha chumbani, mama mkubwa akasimamisha tasbihi akaniangalia. "Mwanangu, huyo rafiki yao alikuwa uvunguni?"

Nilicheka mpaka machozi, afu nikanyamaza. Si ndo hiyo! Nikafuta "alikuwepo?" nikaandika UVUNGU. Unajiuliza swali moja tu, ili mtu ayasikie haya ilibidi awe amekaa wapi. Kama jibu ni uvunguni, weka U. Kama alikuwa barabarani na umati, hakuna U. Siku tatu nimerudia kurasa zote tulizokwisha kusoma toka mwanzo na U zimefika 143, sasa najua kabisa sauti gani nitumie nikisoma, na mama mkubwa naye kashajua, nikipunguza sauti tu anasema "hiyo ya uvungu" na kesho yake haisemi. Au anaisema kwa kunong'ona, sijui.

Ila kilichonivuruga ni zilizobaki bila U. Dallas, tarehe 22 Novemba 1963. Filamu ipo, picha zipo, mume kapigwa risasi na huyu mama kwenye suti yake ya pinki anapanda juu ya buti ya gari linalotembea, na mlinzi Clint Hill anadandia kwa nyuma anamrudisha kwenye kiti. Dunia nzima imeona. Halafu Juni 1964 anahojiwa na Tume ya Warren, ile iliyochunguza mauaji hayo, anasema picha kaziona lakini yeye kupanda kule nyuma hakumbuki kabisa. Hata miezi saba haijafika! Mwenyewe aliyepanda hakumbuki, na rafiki wa uvunguni anakumbuka mazungumzo ya miaka arobaini nyuma. Nilikaa na mstari huo karibu saa nzima. Kwenye nani kasema niandike nini? Mwisho nimeandika "gari lenyewe" nikasonga mbele.

Mama mkubwa alinyamaza hapo. Siku mzee alipoanguka yeye anakumbuka sufuria tu, kwamba ilikuwa inatokota.

Suti yenyewe alikataa kuivua siku hiyo, kasimama nayo na damu pembeni ya Johnson, makamu wa mumewe, akiapishwa urais ndani ya ndege. Iko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa lao, haijafuliwa mpaka leo, na hairuhusiwi kuoneshwa watu mpaka 2103. "Haijafuliwa?" Mara tatu kaniuliza.

Na msidhani Jackie namtetea. Wiki moja baada ya msiba alimwita mwandishi nyumbani Hyannis Port akampa hadithi anavyotaka iandikwe. 1964 akarekodi kanda ndefu ambazo zimetoka 2011, yeye hayupo. Mwaka 1966 akaenda mahakamani kuzuia kitabu ambacho familia yenyewe ndo ilimwomba mtu akiandike. Hizo hazina U, nimeziwekea M, mkono wake.

Sura ya Onassis, tajiri wa Kigiriki, mume wake wa pili, tuliimaliza kwa kubishana. Kitabu kinalalamika kurasa ishirini jinsi Wamarekani walivyokasirika alipoolewa naye kwenye kisiwa chake cha Skorpios, Oktoba 1968. Mama mkubwa akahesabu kwa vidole. Novemba 1963, miezi minne na siku kumi, eda imeisha mwisho wa Machi au Aprili mwanzoni. Kakaa karibu miaka mitano! "Walitaka azikwe naye?" Sikuwa na jibu, na kusema kweli kitabu nacho hakina.

Sasa zimebaki kurasa 96, zile za kazi yake ya kuhariri vitabu New York, nilipanga kumaliza Jumapili. Sidhani. Kwenye kupekua tarehe nimekuta Kennedy kaapishwa 20 Januari 1961, siku tatu tu baada ya Lumumba kuuawa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, hapo ng'ambo ya ziwa. Na Lumumba naye aliacha mjane, Pauline Opango. Februari mwaka huo alitembea barabarani Léopoldville (Kinshasa ya sasa) kifua wazi, analia, anadai mwili wa mume. Mwili wenyewe ulikuwa umeshayeyushwa kwa tindikali. Jino moja ndo limerudishwa na Ubelgiji, Juni 2022, na Pauline alifariki Desemba 2014.

Nimepiga kolamu mpya usiku huu huu. Mstari wa kwanza: tarehe 13 Februari Katanga wanatangaza kwamba mfungwa wao Lumumba alitoroka na wanakijiji wamemuua. Nani kasema: serikali ya Katanga. Uvungu: nimeweka U kubwa mpaka penseli imevunjika.

Nikamsomea mama mkubwa akiwa ameshajilaza. Akauliza huyo Pauline eda alianza kuihesabia siku gani, alipokufa mume au walipomwambia. Nimeandika 17 Januari, pembeni yake 13 Februari, zote mbili nimeziacha.