Nilinyamaza karibu mwaka mzima

Tulitoka Goma, kule Kongo, Novemba 2012, wiki ile waasi wa M23 waliingia mji. Nilikuwa na miaka 15. Gisenyi, Kampala, Busia, mpaka Kayole, Nairobi, chumba kimoja cha mabati, mimi na mama na wadogo zangu wawili. Watu hudhani kilichoniumiza zaidi ni zile risasi, lakini mimi kilichonimaliza pole pole ni kunyamaza.

Ilianzia kwa kiosk. Nilikuwa na kiu nikaitisha mayi, kwetu mayi ndio maji, yule mama akanipea yai na watu waliokuwa hapo wakacheka, hawakuwa na ubaya, lakini mimi niliona kila mtu ameshajua mi ni wa kuja. Kesho yake nikaanza kununua vitu kwa kunyoosha kidole. Shuleni nikawekwa darasa la 5 na watoto wa miaka 10 juu nilikuwa nimesomea Kifaransa, nikifungua mdomo wanaiga venye naongea, basi nikaufunga. Hata kwa matatu sikuwa naambia makanga shukisha, nilikuwa nangoja mwingine ashuke ndio nishuke na yeye halafu natembea kurudi. Usiku silali, kichwa kinauma kila siku, mama ananipea tembe za kichwa na roho ndio ilikuwa inauma. Na yeye singemwambia, alikuwa anatembeza vitenge kwa jua kutoka asubuhi, ningemwongezea mzigo gani tena? Wengine waliniambia jikaze. Hilo neno halikunisaidia hata siku moja.

Kilichonitoa hapo ni kwaya ya kanisa la Wakongomani hapo mtaani. Mwalimu wa kwaya, mzee tulikuwa tunamwita Papa, hakuniuliza nina shida gani. Alinipa kazi ya kubeba ngoma na kuja mapema kupanga viti, na nikikosa anatuma kijana aje anigongee mlango. Mara ya kwanza kugongewa hivyo nililia, sikujua kuna mtu ananihesabu. Huko tulisema mayi, tukasema sombe, yale majani ya muhogo, tukasema aksanti, hakuna wa kucheka, na mazoezi yakiisha tunabaki nje tukipiga stori mpaka giza, na ni hapo nilisikia mwenzangu akisema hata yeye halali. Kumbe si mimi peke yangu.

Januari 2025 Goma ikachukuliwa tena na usingizi ukapotea kabisa, nashinda usiku kwa simu natazama video za mitaa yetu nikitafuta sura ya shangazi. Lakini safari hii sikungoja mwaka. Nilimwambia rafiki yangu wa kwaya, akaanza kukaa na simu yangu kutoka saa 3 usiku, na wiki ya pili akanisindikiza kliniki. Mshauri akaniuliza maswali 9 kuhusu hizo wiki 2, usingizi, kula, kama najiona sina maana, hata kama nimefikiria kujidhuru, na nikamjibu ukweli wote kwa Kiswahili changu cha Goma, na akanielewa. Nilirudi kwake mara 5. Shangazi tulimpata Machi.

Sahii mimi ndio natumwa kugonga mlango. Kuna kijana wa miaka 16 amekuja kutoka Bukavu, haongei na mtu. Jumamosi nilibisha hakufungua, lakini nilisikia anatembea ndani. Jumatano naenda tena.