Sauti ya Mtu Akimwita Mwenzake

Masomo ya wiki: 2 Nyakati 32:1–4, 30, Isaya 22:8–11, Yohana 9:1–12, 35

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii twendeni chini ya ardhi. Upande wa kusini wa Yerusalemu, kwenye mteremko unaoitwa Mji wa Daudi, kuna mfereji uliochongwa ndani ya mwamba, urefu wake mita 533. Unaanzia chemchemi ya Gihoni na kutokea kwenye birika la Siloamu. Maji yanapita humo mpaka leo. Wageni hukunja suruali, hushika tochi na kuingia wakifuatana mmoja mmoja, maana sehemu nyingi ukuta wa kulia na wa kushoto unakugusa mabega.

Habari yake mnaijua. Mwaka 701 KK Senakeribu mfalme wa Ashuru alishuka Yuda na jeshi lake. Chemchemi ya mji ilikuwa chini bondeni, na watu wa Hezekia, mfalme wa Yuda, wakauliza swali ambalo kila aliyewahi kuamka saa tisa usiku kukinga maji ya mgao angeliuliza: kwa nini Waashuri waje wakute maji tele? Hezekia akaziba chemchemi za nje, akayaleta maji ya Gihoni kwa chini mpaka upande wa magharibi wa mji. Wapo wataalamu wanaobishana kuhusu mfalme gani hasa alianza kazi hiyo. Mimi nabaki na Hezekia, kwa sababu Biblia inamtaja, na vipimo vya lipu ya ndani vilivyotangazwa mwaka 2003 viliangukia karibu na mwaka 700 KK.

Sasa tazameni jambo hili. Mwaka 1880 mvulana wa shule aliyekuwa akipita ndani ya maji, mita chache kabla ya kutokea Siloamu, aliona maandishi ukutani. Ni mistari sita ya Kiebrania cha kale. Baadaye wezi waliyakata mwambani yakavunjika vipande, na kwa kuwa Yerusalemu ilikuwa chini ya Waturuki wakati huo, leo yapo Istanbul. Mwanzo wake umefutika, lakini kinachosomeka kinasimulia siku ya mwisho ya kazi. Makundi mawili yalichimba kutoka pande mbili, moja kutoka chemchemini, jingine kutoka birikani. Zilipobaki dhiraa 3 (dhiraa moja ni kama nusu mita), ikasikika sauti ya mtu akimwita mwenzake. Siku ya kutoboa wakapiga kuelekeana, sululu kwa sululu, na maji yakatiririka toka chemchemi mpaka birika, dhiraa 1,200. Mwamba juu ya vichwa vyao, anasema mwandishi, ulikuwa dhiraa 100.

Basi. Hakuna jina la Hezekia katika yanayosomeka, wala la msimamizi. Na hili limenisumbua zaidi: halipo hata jina la Mungu. Kuna wachimbaji tu, na sauti.

Ukifika pale walipokutana, mwamba wenyewe unatoa ushuhuda. Alama za tindo zinaelekea upande mmoja, ghafla zinageuka na kuelekea upande wa pili. Karibu na hapo kuna vijia vilivyoanzwa vikaachwa, na kona za kushoto na kulia. Walikuwa wamepotea kidogo, wakasikia mtu, wakageuza sululu kuifuata sauti. Fikirini moshi wa taa, jasho, kokoto za kubebwa kinyumenyume kwenye njia ya upana wa mtu mmoja. Na huku nje adui yuko njiani.

Senakeribu naye aliandika yake. Mche wake wa udongo wa kuchoma, wenye pande sita, uko kwenye Makumbusho ya Uingereza huko London. Kila mstari ni mimi, mimi, mimi: miji 46 yenye kuta niliiteka, na Hezekia nilimfungia Yerusalemu kama ndege ndani ya tundu. Dhahabu anayosema alipokea ni talanta 30, hesabu ile ile ya 2 Wafalme 18:14. Lakini hasemi mahali popote kwamba aliingia Yerusalemu. Katika jumba lake la Ninawi alichongesha picha za kuanguka kwa Lakishi, mji wa Yuda, ukuta baada ya ukuta. Za Yerusalemu hazipo. Mfalme mwenye majivuno kiasi kile hasahau kuchora ushindi.

Kwa hiyo maji yale yale yana waandishi wengi. Mambo ya Nyakati wanamsifu Hezekia. Ukutani wanatajwa vibarua. Na Isaya? Isaya aliyekuwa akiishi humo humo mjini ndiye anayeuma. Mlizihesabu nyumba za Yerusalemu, anasema, mkazibomoa ili kuuimarisha ukuta. Hili nalo limeonekana: miaka ya 1970 mwanaakiolojia Nahman Avigad alifukua ukuta wa wakati huo, unene wake mita 7, umepita juu ya nyumba za watu. Mkatengeneza na birika kati ya kuta mbili, anaendelea Isaya, lakini hamkumwangalia yeye aliyeyafanya hayo tangu zamani.

Nimesoma maneno hayo miaka mingi nikidhani nabii anakataza watu kujiandaa. Siku hizi sidhani hivyo. Kazi ilikuwa nzuri, na ukitazama vizuri Isaya hakuwaambia wafukie mfereji. Kosa lao lilikuwa la macho: waliangalia silaha, kuta na maji, wakaishia hapo. Gihoni ilikuwa ikibubujika kabla ya Daudi, kabla ya mtu yeyote kuchonga jiwe pale. Wachimbaji walitengeneza njia, maji waliyakuta.

Karne saba baadaye mtu aliyezaliwa kipofu aliambiwa aende Siloamu akanawe. Mwaka 2004, mafundi waliokuwa wakitengeneza bomba la maji taka waligusa ngazi pana za mawe za birika la nyakati hizo, zile zinazoshuka majini. Alishuka na tope machoni, akipapasa kwa miguu ngazi moja baada ya nyingine, katika giza kama la wale wachimbaji, akinyoosha mikono kwenye maji waliyoyaleta. Hakujua majina yao. Majirani walipomuuliza aliyemponya yuko wapi, alijibu neno moja: sijui.

Yohana 9:35 inasema Yesu alisikia kwamba Mafarisayo wamemfukuza mtu huyo, akamkuta.