Maswali ya Jeshi kwa Mjomba

Jumamosi moja ya Novemba 2011, nikiwa mwanafunzi London, nilipanda treni hadi Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza. Kalamu ya wino hairuhusiwi mle. Unaingia na penseli, na vitu vyako kwenye mfuko unaoonyesha. Nilitaka kusoma majalada ya Wizara ya Ulinzi kuhusu raia walioona vitu wasivyovitambua angani. Yalianza kufunguliwa mwaka 2008, na dawati lililokuwa likipokea taarifa zao lilifungwa Desemba 2009.

Aliyenipeleka kule ni mjomba wangu, mvuvi wa Pangani. Wakati wa kusi mwaka 1979, vita vya Kagera vimekwisha punde, aliona taa juu ya bahari akiwa peke yake kwenye ngalawa. Alipoisimulia barazani walimcheka mpaka akaacha kuisema. Mimi nilisimuliwa na mama.

Nilitarajia siri. Nikakuta fomu. Ukurasa baada ya ukurasa, maswali yaleyale: tarehe na saa, kilionekana kwa muda gani, kina umbo gani, rangi gani, kinatoa sauti? Ulikuwa umesimama wapi hasa? Ulikiona upande gani kwanza, na kilikuwa juu kiasi gani kutoka upeo wa macho? Hali ya hewa? Nani mwingine aliona? Majina ya watu yamefutwa kwa wino mweusi. Jeshi lilitaka kujua jambo moja tu, kama anga ya nchi imeingiliwa. Likiridhika kwamba sivyo, mtu anapata barua fupi na jalada linafungwa. Hilo liliniuma. Hata hivyo kila mmoja alikuwa ameulizwa amesimama wapi. Na hadi mwaka 1967 hata karatasi hizo zilikuwa zikiharibiwa baada ya miaka mitano.

Oktoba ya mwaka huohuo wa 1967, askari polisi wawili wa Devon walifukuza kwa gari, usiku wa manane kuelekea alfajiri, kitu kilichong'aa kama msalaba. Maelezo yaliyotolewa baadaye: sayari ya Zuhura. Nilibaki na habari hiyo kwa muda mrefu, kwa sababu nilihofia kwamba na Mjomba pia ndiyo itakuwa hiyo. Nikayanakili maswali yote kwa penseli.

Jioni nikampigia. Kwao ilikuwa saa tatu usiku.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Kuna nini huko?"

Nikamwambia nina maswali kuhusu ile taa. Akanyamaza. Nikasikia akiwaambia watoto wapunguze redio.

Muda gani? "Kiasi cha kusoma Alhamdu mara tatu, na niliisoma kweli." Ilitoka wapi? "Upande wa kibla, ikashuka kusini." Upepo? "Kusi, tena kali. Ile ilikuwa inakwenda kinyume na upepo, na tanga langu ni shahidi." Juu kiasi gani? Aliunyoosha mkono, akaniambia: vidole vinne juu ya maji. Sauti? Hakuna. Rangi ya kaa la moto linalokaribia kuzimika.

Nikavuta pumzi, nikauliza kama haikuwa Zuhura.

"Zuhura? Miaka yote hii narudi pwani kwa Zuhura, nisiijue? Zuhura ilikuwa palepale, mahali pake. Niliziona zote mbili."

Nikaandika: shahidi aliiona na Zuhura kwa wakati mmoja. Katika kurasa zote nilizosoma siku ile, sikukuta jibu la uhakika kama lile.

Tulipofika mwisho nikamweleza kwamba kule majina ya watu yamefutwa, nami naweza kuliacha lake.

"Usiliache," akasema. "Andika jina langu, na la baba yangu."

Nikayaandika yote mawili.