Tuhuma Pekee Haitoshi Kumfunua Mtumiaji wa Intaneti

Mashauri ya uharamia wa hakimiliki yana jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: mdai anaijua filamu yake, anaijua siku na saa iliposambazwa, lakini hamjui anayemdai. Anachokuwa nacho mkononi ni anwani ya IP, yaani mfuatano wa tarakimu ambao kampuni ya intaneti humpangia mteja wake anapoingia mtandaoni. Ndiyo maana nchini Marekani hati za madai ya namna hii humtaja mdaiwa kuwa ni John Doe, jina la kubuni ambalo mahakama za huko hulitumia kwa mtu asiyetambuliwa bado. Kazi ya kwanza ya wakili basi si kuthibitisha kosa, bali ni kupata jina. Nimeyafuatilia mashauri haya kwa miaka mingi, na kadiri ninavyosoma hukumu zake ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hatua hiyo ya kwanza, ambayo huchukuliwa kuwa utaratibu wa kawaida tu, ndiyo nzito kuliko zote kwa mwananchi, kwa sababu jina likishatoka halirudi, hata ikibainika baadaye kwamba mwenye jina hakufanya lolote.

Sisemi haya kwa kuwatetea maharamia. Mtunzi anayeuziwa nyimbo zake kwenye vibanda vya kuingiza muziki kwenye memori kadi, asipate hata shilingi, ameibiwa, na ana haki ya kwenda mahakamani. Hoja yangu ni kwamba haki hiyo haimpi ruhusa ya kumfunua kila mtu anayemshuku, na mahakama inayompa majina bila kumuuliza maswali magumu inafanya kosa.

Mvutano huu ulianza kwa nguvu mwaka 2003. Sheria ya hakimiliki ya kidijitali ambayo Marekani iliipitisha mwaka 1998 ilikuwa na kifungu kinachomruhusu mwenye hakimiliki kudai jina la mtumiaji kwa hati inayotolewa na karani wa mahakama. Ni karani, si jaji. Mwombaji hujaza fomu, huapa kwamba ana nia njema, na karani hugonga muhuri. Hakuna anayepima kama ushahidi una maana yoyote, na mtu anayetafutwa hana habari. Chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani, RIAA, kilikitumia kifungu hicho kudai majina ya wateja wa kampuni ya intaneti ya Verizon, na Verizon ikakataa. Ilishindwa katika mahakama ya chini, lakini tarehe 19 Desemba 2003 Mahakama ya Rufaa ya Washington, D.C., iliamua kwamba kifungu hicho hakiihusu kampuni inayopitisha tu mawasiliano ya wateja bila kuhifadhi faili zenyewe. Tangu hapo RIAA ililazimika kufungua shauri kwanza, kisha kuomba jina mbele ya jaji. Uamuzi huo ulikuja wakati watu 261 walikuwa wamekwisha kushtakiwa kwa mkupuo mmoja mwezi Septemba mwaka huohuo, akiwamo msichana wa miaka 12 aliyekuwa akiishi katika nyumba za serikali jijini New York, ambaye mama yake alilipa dola 2,000 ili yaishe.

Kuna sababu ya kiufundi inayofanya suala la jaji na karani liwe zito hivyo. Katika mfumo wa torenti, kila anayepakua faili huwa pia anawagawia wengine vipande vyake, na anwani za washiriki wote huonekana. Kampuni za upelelezi zinazolipwa na wenye filamu hujiunga na kundi, hukusanya anwani hizo pamoja na saa kwa sekunde, na orodha hiyo ndiyo inayopelekwa mahakamani. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha jinsi orodha kama hizo zinavyoweza kupotosha: waliweza kufanya anwani walizozichagua wenyewe zionekane zinashiriki, na wakapokea barua za malalamiko ya hakimiliki zilizoelekezwa kwa printa za chuo, ambazo haziwezi kupakua filamu hata zikitaka.

Hata pale ambapo anwani ni sahihi, inamtaja anayelipia huduma, si anayeitumia. Anayeishi nyumba ya kupanga yenye mita moja ya LUKU ataelewa mara moja: mita ina jina la mwenye nyumba, lakini haisemi ni chumba kipi kilichowasha jiko la umeme usiku. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa huko Marekani ilishughulikia shauri la mtu wa jimbo la Oregon aliyekuwa akiendesha nyumba ya kulelea watu wazima wenye kuhitaji uangalizi. Intaneti ilikuwa kwa jina lake, lakini wakazi na wageni waliitumia pia, na mahakama iliamua kwamba kuwa mteja aliyesajiliwa hakutoshi kudai kwamba ndiye aliyepakua filamu. Nikiisoma hukumu hiyo huwa nawafikiria Watanzania ambao laini zao zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kisha kila jioni wanawawashia hotspot wadogo zao, jirani na mgeni aliyepita kusalimia. Usajili wetu ni madhubuti sana katika kuonyesha laini ni ya nani, na hauonyeshi chochote kuhusu aliyeshika simu nyingine upande wa pili wa sebule.

Sasa mtu anaweza kuuliza: kama hana hatia, si atajitetea mahakamani? Jibu ni kwamba mashauri mengi ya aina hii hayafiki huko, wala hayakusudiwi kufika. Sheria ya Marekani inaruhusu fidia ya kuanzia dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi moja yenye hakimiliki, na hadi dola 150,000 iwapo ukiukaji ulikuwa wa makusudi, bila mdai kuthibitisha hasara halisi. Mtu akipokea barua inayotaja kiwango hicho cha juu, kisha barua ileile ikampa nafasi ya kulipa dola elfu chache na kunyamaza, hesabu anayoipiga haihusu hatia. Anapima gharama ya wakili dhidi ya gharama ya amani. Filamu ikiwa ni ya ngono, aibu nayo huingia kwenye hesabu. Mawakili wawili wa Marekani, Paul Hansmeier na John Steele, waliujenga utajiri wao juu ya aibu hiyo kupitia ofisi iliyojulikana kama Prenda Law. Ilithibitika kwamba walikuwa wakiziweka filamu hizo mtandaoni wao wenyewe ili kuwanasa watu, wakiidanganya mahakama ili iwape majina. Mwaka 2019 Hansmeier alihukumiwa kifungo cha miaka 14 na Steele miaka 5. Ninachotaka msomaji akizingatie ni kwamba kabla hawajagunduliwa, majaji kadhaa walikuwa wamewapa majina waliyoyaomba.

Kilichotokea London mwaka 2010 ndicho kilichonifanya niache kabisa kuuona ufunuaji wa jina kuwa jambo la utaratibu. Ofisi moja ya uwakili iitwayo ACS:Law, iliyoongozwa na Andrew Crossley, ilikuwa imepata majina ya maelfu ya wateja wa intaneti kwa kutumia aina ya amri iliyozaliwa katika shauri la Norwich Pharmacal la mwaka 1973, amri inayomlazimisha mtu asiye na hatia kutoa taarifa za anayedhaniwa kuwa na hatia. Ofisi hiyo iliwaandikia watu barua ikidai mamia ya pauni kutoka kwa kila mmoja. Mwezi Septemba tovuti yake ilishambuliwa ikazimika, na iliporudishwa hewani, nakala ya akiba yenye barua pepe za ofisi iliachwa wazi mbele ya kila anayepita. Ndani yake zilikuwamo orodha za majina na anwani za nyumbani za wateja wa kampuni ya intaneti ya Sky, zaidi ya 5,000, kila jina likiwa limewekwa kando ya jina la filamu ya ngono ambayo mtu huyo alituhumiwa kuisambaza. Orodha nyingine, ya wateja wa kampuni ya intaneti ya PlusNet, ilikuwa imetumwa na BT, kampuni mama yake, kwa barua pepe bila kufungwa kwa usimbaji wowote.

Hakuna hata mmoja katika orodha hizo aliyekuwa amethibitishiwa kosa. Walikuwamo bila shaka waliopakua, na walikuwamo waliokuwa na ruta isiyo na nywila, na waliokuwa na kijana wa miaka 15 chumbani, orodha haikuwatofautisha. Mke, mwajiri, mchungaji wa kanisa, yeyote aliyetaka aliweza kutafuta jina. Mwezi Mei 2011 Kamishna wa Taarifa wa Uingereza alimtoza Crossley faini ya pauni 1,000, akieleza kwamba ingefikia pauni 200,000 kama ofisi hiyo ingekuwa bado inafanya kazi. Ilikuwa imekwisha kufungwa, katika kipindi kilekile ambacho Jaji Birss aliyachambua madai yake kwa ukali na kukataa kuyaacha yaondolewe mahakamani kimyakimya. Watu waliofunuliwa hawakurudishiwa kitu. Mahakama iliyotoa amri ya kwanza ilikuwa imepima kama mwenye filamu anastahili kulindwa. Sioni kwamba iliuliza kwa uzito ule ule orodha itatunzwa wapi, na nani, na kwa muda gani.

Katika miaka ya karibuni kumezuka jambo jipya ambalo naliona la hatari zaidi, kwa sababu wanaotafutwa hawatuhumiwi hata uharamia. Kampuni kadhaa za filamu zimezishtaki kampuni za intaneti zenyewe, zikidai kwamba hazikuwakatia huduma wateja waliokiuka hakimiliki mara kwa mara. Katika kutafuta ushahidi, mawakili wao walikwenda Reddit, jukwaa la mijadala mtandaoni, na kukusanya maoni ya zamani ya watu waliojadili uzoefu wao na kampuni hizo, kama vile mtu aliyesema kwamba alipakua kwa miaka bila kuonywa, kisha wakaitaka Reddit itoe utambulisho wa walioandika. Reddit ilikataa. Tarehe 28 Aprili 2023, jaji Laurel Beeler wa mahakama ya shirikisho ya Kaskazini mwa California aliamua kwamba watu hao ni mashahidi tu, si wadaiwa, na kwamba haki ya kusema bila kutaja jina inalindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani. Kumfunua shahidi wa namna hiyo kunataka mambo manne: ombi liwe la nia njema, taarifa ihusu hoja kuu ya shauri, utambulisho wenyewe uwe na umuhimu wa moja kwa moja, na taarifa hiyo isiweze kupatikana kwingine kokote. Ni kipimo kilichotoka katika shauri la mwaka 2001 lililohusu wachangiaji wasiojulikana waliozungumzia kampuni iitwayo 2TheMart. Kampuni za filamu zilikwama kwenye sharti la nne, kwani ushahidi walioutaka uliweza kupatikana kwa kampuni ya intaneti yenyewe na wateja wake.

Walirudi tena mwaka huohuo katika shauri jingine, wakashindwa. Mwaka 2024 walirudi mara ya tatu, safari hii kuhusu kampuni ya intaneti ya Frontier, wakiwa na hoja iliyobadilishwa: hawataki majina, wanataka anwani za IP tu, na anwani si mtu. Hoja hiyo inahitaji kusomwa mara mbili. Mbele ya jaji mmoja anwani inatajwa kuwa kitambulisho cha kutosha kumdai mtu maelfu ya dola. Mbele ya mwingine inatajwa kuwa tarakimu zisizomhusu yeyote. Jaji Thomas Hixson hakuona sababu ya kuitenganisha anwani na utambulisho, akalikataa ombi.

Kwetu Afrika Mashariki, kishindo cha suala hili kimesikika zaidi nje ya hakimiliki. Mwezi Desemba 2016 mkurugenzi wa JamiiForums, Maxence Melo, alikamatwa jijini Dar es Salaam na kushtakiwa kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji. Tangu hapo Kenya imepata Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hizo ni hatua za kweli. Hata hivyo, sheria ya Kenya inaacha mlango pale taarifa zinapotakiwa kwa amri ya mahakama, na swali lote ninaloliandikia hapa limo ndani ya mlango huo: amri itolewe kwa kipimo gani? Ningependa mtumiaji ajulishwe kabla jina lake halijatolewa na apewe muda wa kupinga akiwa bado hajulikani, mdai aonyeshe ushahidi zaidi ya anwani, na taarifa atakazopewa zisitumike nje ya shauri hilo.

Ulaya inaelekea kwingine. Tarehe 30 Aprili 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, majaji wake wote wakiwa wameketi, iliamua kwamba mamlaka ya Ufaransa inayosimamia hakimiliki mtandaoni, ambayo huwaonya watuhumiwa hatua kwa hatua, inaweza kuunganisha anwani ya IP na jina la mteja bila kibali cha mahakama, mradi data zitunzwe kwa kutenganishwa vilivyo. Kibali cha awali kinahitajika mtu anapofikia hatua ya tatu ya onyo na uunganishaji huo ukaweza kufichua mambo ya ndani ya maisha yake. Mahakama ilitoa sababu kwamba bila anwani hizo makosa ya mtandaoni yatabaki bila kuadhibiwa. Naielewa sababu hiyo, lakini siikubali, kwa kuwa jina la filamu linalowekwa kando ya jina la mtu huweza kufichua mambo hayo ya ndani tangu onyo la kwanza, kama wateja wa Sky walivyojionea.