Maji ya beta wangu yana rangi ya chai na siyamwagi

Kila mgeni akiingia sebuleni kwetu swali ni lile lile, mbona maji ya samaki machafu? Jamani sio machafu. Hiyo ni rangi ya chai ya mkandaa na nimeitafuta kwa miezi, ngoja nieleze vizuri leo.

Mwaka jana nilinunua samaki aina ya beta, dume wa bluu, dukani alikuwa kwenye kikopo kidogo tu, mapezi yamelikalika pembeni. Nikamweka kwenye tanki la lita 25, maji meupe pe, taa kali, changarawe nyeupe, mimi nikaona pazuri. Yeye wala. Siku nzima kajibanza nyuma ya filta, akiona kivuli chake kwenye kioo anatunisha mashavu mpaka anachoka, chakula anakitia mdomoni anakitema. Na mapezi hayaponi. Iliniuma sana aisee, kiumbe umekileta nyumbani mwenyewe afu unakiona kinanyong'onyea.

Ndio nikaanza kusoma huko wanakotoka. Asili ya beta ni Thailand, kwenye mashamba ya mpunga na mitaro na vinamasi, maji ya kina kifupi yasiyokimbia, chini kumejaa majani yanayooza na mizizi, kwa hiyo maji yenyewe ni ya kahawia na kuna kagiza kagiza. Wenzetu wanamheshimu mpaka mwaka 2019 wakamtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Na wafugaji wa kule wanamwekea jani la mti wanaouita hukwang, yaani sikio la kulungu. Nikatafuta picha ya hilo jani. Nikaduwaa. Ni mkungu! Mkungu huu huu wa uani kwetu hapa Dar, ambao tumekua tukigonga kungu zake kwa jiwe tule kiini, na mama kila asubuhi anafagia majani yake anayachoma moto.

Kinachotoka kwenye jani ni tanini, ule ukakasi unaousikia ulimini ukinywa chai iliyochemka mno, na ndiyo hiyo iliyomo kwenye gome la mkandaa, aina ya mkoko, ambalo watu wa pwani walitengenezea ngozi na kutilia rangi, jina la chai limetoka huko huko. Kwenye tanki inafifisha mwanga, inaongeza tindikali kidogo, na inawabana kiasi bakteria na kuvu. Sio dawa lakini, samaki anayeumwa kweli atibiwe na maji yabadilishwe, majani hayafanyi kazi ya usafi.

Majani nikaweka, jani moja kubwa kavu lililodondoka lenyewe kwa lita 20 hivi, nimelisuuza tu. Siku mbili tatu rangi haionekani, kumbe filta ilikuwa na mkaa ndani na ule mkaa unanyonya tanini yote. Nikautoa.

Sasa gogo la kumwekea ajifiche. Nililiokota ufukweni Kigamboni, zuri mno, limepinda kama mkono, na hapa ndipo wengi mnapoharibu kwa haraka. Gogo la bahari limekunywa chumvi. Nililoweka kwenye ndoo nikidhani siku nne zinatosha, nikaonja yale maji, chumvi! Nikaendelea kubadilisha maji kila siku na kulichemsha kwenye sufuria kuukuu saa nzima kila jumamosi, ikachukua wiki tano ndio maji ya ndoo yakawa hayana ladha tena. Tena lilikuwa jembamba, gogo nene kutoka baharini mimi nakushauri uliache huko huko. Bora utafute mti uliokaukia nchi kavu, mpera ni mzuri sana, mgumu na hauna utomvu, menya gome lote. Msonobari hapana, una utomvu, na mnyaa usiusogeze kabisa. Na mikoko msikate, iacheni pale ilipo inashikilia ufukwe wetu.

Kabla hujalitumbukiza pitisha mtandio mwepesi juu yake, popote unaponasa ujue pezi la beta litachanika hapo hapo, piga msasa. La kwangu lilikuwa linaelea nikalifunga kwa mshipi kwenye kipande cha tailizi. Wiki ya pili likaota utando mweupe kama kamasi, usiogope, hauna madhara, ukikukera ufute kwa mswaki mpya, konokono nao wanaula.

Kitu kimoja watu wanadanganyana ni kwamba ukiweka gogo pH, yaani kipimo cha tindikali ya maji, inashuka tu. Kwetu tunatumia maji ya kisima, magumu mpaka sabuni haitoi povu, na karatasi ya kupimia ilibaki pale pale kabla na baada. Maji magumu yanaimeza ile tindikali. Mimi sihangaiki na namba, beta wengi wa madukani wamezaliwa kwenye mabeseni ya wafugaji sio kinamasini, wanachotaka ni pH isiyoyumba yumba, joto la 25 mpaka 28 na mahali pa kujificha. Nabadilisha robo ya maji kila wiki, majani yakibaki mishipa mitupu natoa naweka mengine.

Na samaki? Ilichukua kama mwezi. Kwanza aliacha kugombana na kioo, afu akaanza kulala juu ya gogo kwenye ule mpindo, karibu na juu, maana beta anapanda kuvuta hewa kwa mdomo. Saivi pembeni ya mapezi kumeota ngozi mpya inayopitisha mwanga, na juzi nimekuta kajenga kiota cha mapovu chini ya jani la mkungu. Nilimwita mama aje aone. Akasimama pale muda mrefu hasemi kitu, afu akauliza, "Kwa hiyo hayo maji ndiyo anayoyataka?" Nikamwambia ndiyo mama.

Leo asubuhi nimekuta majani sita makubwa mekundu, hayana doa, yamepangwa dirishani yakauke.