Ndo, ndo, ndo

Mwaka wangu wa pili Jinan, Uchina, mwalimu wetu wa Kichina alitugawia mashairi ya kale. Kila mwanafunzi wa kigeni alisome lake darasani Jumatatu, kwa lugha ya kwao. Mimi nikaangukiwa na Li Qingzhao, mshairi wa kike wa zamani. Nilikwenda kule kusomea uhandisi wa maji. Kichina changu kilitosha kununulia mboga na kuulizia basi, lakini kile cha karne ya 12 kilinishinda tangu mstari wa kwanza. Nikapata fotokopi ya tafsiri ya Kiingereza, nikajua kazi imekwisha. Nigeuze tu Kiingereza kiwe Kiswahili, nilale.

Ijumaa usiku nilimwomba mwenzangu wa chumbani, Mchina, anisomee shairi lenyewe. *Xun xun, mi mi, leng leng, qing qing…* Maneno saba, kila moja mara mbili, kabla hata sentensi haijaanza. Hamna "mimi", hamna "yeye". Nikaitazama fotokopi yangu. Pale palikuwa na "mimi" anayetafuta, tena sentensi zimenyooka kama zimepigwa pasi. Sikumlaumu mtafsiri, maana kwa kawaida Kiingereza hakikubali kitenzi kikae bila mwenyewe. Ila sisi tunaweza kusema *kutafutatafuta* tukaishia hapo, na kila mtu ataelewa kwamba anayetafutatafuta hajui hata amepoteza nini.

Jumamosi nikaenda kumalizia kazi Baotu, kwenye chemchemi. Maji yanasukumwa juu kwa midomo mitatu, na joto lake ni nyuzi 18 hivi mwaka mzima. Kwa hiyo Novemba ile mvuke ulikuwa umelala juu ya bwawa kama moshi wa kuni mbichi. Pembeni kuna kijichemchemi kinaitwa Shuyu, na jumba la kumkumbuka Li Qingzhao mwenyewe, aliyezaliwa pande hizo mwaka 1084. Nikakaa kwenye jiwe, vidole vimekufa ganzi, nikaandika:

*Kutafutatafuta, kupapasapapasa,*
*baridi baridi, kimya kimya,*
*huzuni huzuni…*

Hapo nikakwama. Saa tisa alasiri kwangu ni saa nne asubuhi Tanga. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unatetemeka sauti? Umevaa sweta?"

Nikamwambia nimevaa mawili, nikamsomea. Alinikatiza palepale. "Huzuni huzuni ndiyo nini? Nani anasema hivyo? Sema majonzi, uende zako." Nikaendelea: upepo wa jioni, mabata bukini wanapita angani, maua ya krisanthemi yamerundikana chini hayana wa kuyachuma. Ule mstari wa vikombe viwili vitatu vya mvinyo hafifu nikausoma "kinywaji". Mama yangu ni mtu wa swala tano, na sikutaka tuache shairi tujadili mvinyo. Nikafika pale anapokaa dirishani peke yake akijiuliza atafikaje usiku.

"Huyo kafiwa na mume," mama akasema.

Shairi halisemi hivyo popote. Nikamuuliza amejuaje.

"Kakaa dirishani anangoja kiza. Mwenye mume ana nafasi ya kungoja kiza?"

Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Mama alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, nami nilikuwa mbali, nikimpigia kila Ijumaa na kumuuliza kama amekula.

Nikamsimulia niliyoyajua. Kwamba Li Qingzhao na mumewe, Zhao Mingcheng, walikuwa wakikusanya vitabu na vyombo vya kale vya shaba. Wavamizi wa Jin, kutoka kaskazini, wakauteka mji mkuu, na mume na mke wakakimbilia kusini. Mume akafa mwaka 1129, na ule mkusanyiko ukapotea kidogokidogo, mwingine kwa moto, mwingine kwa wezi.

"Akaolewa tena?"

"Aliolewa, 1132. Haikufika hata miezi minne. Yule bwana aliipata kazi ya serikali kwa udanganyifu, na mkewe akamshtaki. Sheria ya wakati ule, mke akimshtaki mumewe naye anafungwa. Akakaa ndani siku tisa."

"Siku tisa tu?" Mama akacheka mpaka akakohoa. "Wapo humu mtaani wangezilipia."

Ulibaki mwisho. Mvua nyepesi inaangukia majani ya mti mpaka magharibi, na Kichina kinasema *dian dian, di di*. Fotokopi yangu ilikuwa na "matone", basi. Mimi nikaandika "tone kwa tone", nikamsomea mama, naye akanyamaza kidogo.

"Huku vuli imeanza," akasema. "Ngoja."

Nikasikia kanga zikichakarika, mlango wa uani, halafu kuku. Kisha hakuna tena sauti ya mtu. Alikuwa ameishusha simu karibu na ndoo, chini ya upenu wa bati, pale tulipokuwa tukikinga maji ya kufulia. *Ndo. Ndo. Ndo, ndo.* Watalii walipita mbele yangu wakijipiga picha na mvuke. Sikukata simu. Salio lilikuwa la kwangu, na nililiacha liende.

Aliporudi hewani aliuliza, "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi andika hiyo."