Mbele ya nakala ya Sanda ya Torino

Nilichokiona leo ukumbini ni nakala tu: picha iliyochapwa juu ya kitambaa, kwa ukubwa uleule wa Sanda halisi ya Torino, kitambaa ambacho wengi huamini ndicho alichozikwa nacho Yesu, urefu wa mita 4 na ushee, upana mita 1 na kidogo. Maonyesho haya huhamishwa kutoka parokia moja hadi nyingine. Sanda yenyewe haitembei. Imehifadhiwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohane Mbatizaji huko Torino, Italia, na hutolewa hadharani kwa nadra sana. 2010, kisha 2015. Hata ukifika huko, unapita mbele yake na umati nyuma yako. Hapa nimesimama nilivyotaka.

Kinachovuta jicho kwanza si sura ya mtu, ni alama za moto. Mwezi Desemba 1532 kikanisa cha Chambéry, mji ulio Ufaransa ya leo ambako Sanda ilikuwa ikihifadhiwa wakati huo, kiliungua. Sanda ilikuwa imekunjwa ndani ya sanduku la fedha. Fedha ikayeyuka na kutoboa mikunjo yote. Ndiyo maana matundu yamejipanga kwa safu mbili, kulia na kushoto mwa mwili, yakifanana. Mwaka 1534 watawa Waklara, masista wa shirika la Mtakatifu Klara, wakayaziba kwa viraka. Viraka hivyo viliondolewa mwaka 2002, lakini nakala hii ilitokana na picha ya kabla ya hapo, kwa hiyo vyote vipo, vingi vyao vya pembetatu. Nimevitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nani alithubutu kuchoma sindano ya kwanza?

Baada ya hapo mwili unajitokeza polepole: mbele na nyuma, vichwa vikikutana katikati ya kitambaa. Mgongo umejaa alama ndogondogo za mijeledi. Damu ya mkono iko kwenye kifundo, wala si katikati ya kiganja kama misalaba mingi inavyoonyesha. Ubavuni pana doa kubwa.

Bango la Secondo Pia, mpiga picha Mwitalia, ndilo lililokuwa na watu wengi. Usiku wa tarehe 28 Mei 1898 alipiga picha ya Sanda, na alipoisafisha akaona kwamba kwenye hasi, ambako peupe hugeuka peusi na peusi kuwa peupe, uso uliofifia kitambaani umekuwa uso kamili, macho yamefumbwa, ndevu zinaonekana. Mbele ya picha hiyo watoto wa mafundisho walinyamaza wenyewe bila kuambiwa.

Bango lililoleta maneno ni la mwisho. Linaeleza kwamba askofu Pierre d'Arcis wa Troyes, Ufaransa, aliandika mwaka 1389 kuwa kitambaa kile kilichorwa na fundi, na kwamba mwaka 1988 maabara za Oxford, Zurich na Arizona zilipima kaboni ya kitambaa, njia ya kujua umri wa vitu vya kale, na kukuta kuwa kilitengenezwa kati ya mwaka 1260 na 1390. Linaongeza kuwa sampuli ilikatwa pembe moja tu, na ubishi haujaisha. Mama mmoja alimuuliza mwongozaji kwa uchungu, “Sasa haya mnatuletea kanisani ya nini?” Akamjibu taratibu, “Mama, Kanisa halijatangaza kuwa hii ndiyo sanda ya Bwana. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alipokwenda Torino mwaka 1998 aliwaachia wanasayansi kazi hiyo. Yeye aliiita kioo cha Injili.”

Namwelewa yule mama, ila mimi nawashukuru walioliweka bango lile. Wangelificha, ningetoka na mashaka juu ya kila kitu kingine walichonionyesha. Na sijaona kwamba limepunguza lolote. Nimesoma tarehe zote, nikarudi kwenye ule mgongo, na mateso ya Ijumaa Kuu yalikuwa palepale, jeraha kwa jeraha. Wapo walioigusa nakala sehemu ya miguu na kufanya ishara ya msalaba. Kijana mmoja akanung'unika kuwa ni picha tu. Lakini hata Njia ya Msalaba ukutani ni picha, na kila Kwaresima tunapiga magoti mbele yake.

Maonyesho yanaondoka Jumatatu. Jumapili baada ya misa nitamleta mama yangu. Maandishi madogo hayaoni tena, kwa hiyo nitamsomea mabango yote, na lile la mwisho pia.